Mwenye Mwendo wa Pole Atangulie



Ukiwauliza wanafunzi maana ya uraia, wengi watakutajia bendera, wimbo wa taifa, kura na katiba. Majibu hayo ni sahihi, lakini yana upungufu. Yanamfanya kijana wa miaka kumi na sita aamini kuwa uraia ni mambo ya watu wazima, yanayomsubiri mpaka afikishe umri wa kupiga kura. Kwa mwanafunzi aliye mkimbizi upungufu huo ni mkubwa zaidi, kwa kuwa yeye huambiwa kila siku kwamba si raia wa nchi anayoishi. Somo la uraia humpita kama gari lililojaa, naye amesimama kando ya barabara na vitabu vyake. Katika makala haya nitakueleza namna klabu ndogo ya wanafunzi wanaotembea kwa miguu siku za Jumamosi inavyolifundisha somo hilo, hata kwa wale wasio na uraia wowote mfukoni.

Tuanze na neno lenyewe. Kutembea ni kwenda kwa miguu. Ukilitia kitenzi hicho kiambishi cha kutendea, unapata kutembelea, yaani kwenda kumjulia mtu hali nyumbani kwake. Wewe unayejifunza Kiswahili, liweke jambo hili moyoni: katika lugha yetu, mwendo wa miguu na heshima ya kumwendea mwenzako vimetoka katika shina moja. Klabu yetu imejengwa juu ya shina hilo.

Tulivyoanza

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Nilizaliwa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, nikaletwa Nakivale nikiwa mtoto, na stashahada yangu ya ualimu niliisomea hapa hapa Uganda. Nakivale ni mojawapo ya makazi ya wakimbizi yaliyo makongwe zaidi barani Afrika. Yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watu waliotoka Rwanda, na leo hii yana zaidi ya watu laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko.

Wageni wengi hudhani wataikuta kambi yenye ua na lango. Wanachokikuta ni vijiji vilivyotawanyika baina ya vilima vya nyasi na Ziwa Nakivale, huku Wanyankole wenye migomba yao na ng'ombe wa pembe ndefu wakiishi jirani kabisa. Hata hivyo, mtu aweza kukaa Nakivale miaka kumi na mitano bila kuufikia mji wa Mbarara, ulio umbali wa kilomita zipatazo sitini. Hakuna ukuta unaomzuia. Huzuiwa na nauli, na hofu ya kuulizwa maswali njiani, na kukosa mtu wa kumfikia huko aendako.

Klabu ilianza na wanafunzi kumi na mmoja. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliniambia baada ya kipindi, "Mwalimu, nimeichora ramani ya Uganda katika mitihani mara sita, lakini sijauona upande wa pili wa kile kilima." Kilima chenyewe kilionekana dirishani. Jumamosi iliyofuata tulikipanda. Kileleni hapakuwa na ajabu yoyote: nyasi, mawe, mbuzi wa watu, na ziwa likimetameta chini kati ya mafunjo. Tulipoteremka upande wa pili tulimkuta baba na mama wakipalilia maharagwe. Katika kujuana hali ikabainika kuwa mtoto wao huketi dawati moja na mmoja wa waliopanda mlima siku hiyo. Vijana hao wawili walikuwa wamesoma pamoja mwaka mzima, kila mmoja akidhani mwenzake hutoka mbali sana.

Leo klabu ina wanachama thelathini na wanane, nusu yao wakimbizi na nusu wenyeji. Ada ni shilingi mia tano kwa mwezi kwa anayeweza. Asiyeweza huleta mahindi ya kuchoma, ndizi au kuni. Chakula chote hutandazwa juu ya kitenge kimoja kabla ya mtu yeyote kula. Kanuni hii waliitunga wanafunzi wenyewe baada ya mgawo wa chakula cha wakimbizi kupunguzwa mwaka 2023, walipoona baadhi ya wenzao wameanza kusema kwamba hawana njaa. Kijana aliyetembea kilomita kumi na mbili akasema hana njaa hazungumzii tumbo lake. Anauficha mfuko wa mama yake. Kitenge kimoja humwondolea haja ya kusema lolote.

Barua tatu na kizuizi kimoja

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kwenda popote nchini, ndani ya mipaka ya busara inayowekwa na sheria. Inampa pia haki ya kujiunga na vyama visivyo vya kisiasa wala vya kutafuta faida. Kwa raia, Ibara ya 29 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inalinda uhuru wa kwenda popote nchini na wa kuungana na wenzake. Haki hizi nimeziandika hapa kwa mistari michache. Njiani zina maelezo marefu zaidi.

Kabla ya kila safari ya mbali, katibu wa klabu huandika barua tatu: moja kwa mkuu wa shule, moja kwa ofisi inayosimamia makazi, na moja kwa mwenyekiti wa LC1 wa kijiji tunachokiendea. LC1 ni baraza la kijiji, ngazi ya kwanza ya serikali za mitaa, ambazo hupanda hadi LC5 wilayani. Wakimbizi nao wana mabaraza yao wanayoyachagua wenyewe, yajulikanayo kama RWC, nao hupewa nakala. Barua hupelekwa kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha ya ofisi, lakini rasimu yake huandikwa kwanza kwa Kiswahili na kusomwa mbele ya wanachama wote, ili kila mmoja ajue ni nini kinachosemwa kwa jina lake.

Katika safari yetu ya kwanza ya Mbarara tulikuwa ishirini na sita ndani ya basi dogo la kukodi. Tulisimamishwa kwenye kizuizi. Afisa mmoja alipanda, akazipitia karatasi, akawataka ndugu wawili kutoka Burundi washuke, kwa kuwa majina yao yalikuwa katika cheti cha familia na hawakuwa na kadi zao wenyewe. Nilimweleza hali ilivyo, hakuridhika. Katibu, msichana mpole ambaye darasani humsikii mpaka umwite, aliomba ruhusa ya kusema. Alimwamkia, akamwita afande, akamwonyesha barua zenye mihuri na majina ya ndugu wale katika nafasi ya saba na ya nane. Afisa akajibu kuwa wengine tuendelee, wale wawili wabaki.

Hapo mwenyekiti, mwana wa wafugaji wa Isingiro, alisimama. "Afande, shikamoo. Tumeandikiwa barua moja. Tutasubiri pamoja nao." Akashuka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, wakaketi chini ya mti kando ya barabara. Hapakuwa na wimbo wala kelele. Baadhi walitoa daftari zao, wengine wakagawana karanga. Tulikaa hapo saa moja na nusu. Hatimaye afisa alipiga simu, akasikiliza kwa muda, akazirudisha karatasi pasipo neno, nasi tukapanda basi sote ishirini na sita.

Tulifika Mbarara tumechelewa, na nusu ya yale tuliyoyapanga hatukuyaona. Lakini zingatia jambo hili, msomaji. Miongoni mwa vijana wale, kumi na wanne walikuwa raia wa Uganda. Haki yao ya kuendelea na safari haikuguswa na mtu yeyote, wala hakuna sheria iliyowalazimisha washuke. Katiba hiyo hiyo, katika Ibara ya 17, inaorodhesha miongoni mwa wajibu wa raia kuheshimu haki na uhuru wa wengine. Tangu siku ile, ninapoifundisha ibara hiyo, siwi na haja ya kutafuta mfano. Ndugu mdogo wa wale wawili aliniuliza tuliporudi, "Mwalimu, sisi si raia. Tulichofanya sisi tuliobaki kinaitwaje?" Nilimjibu kwamba nao walisubiri kwa heshima, wakaonyesha karatasi zao bila uongo, wakawaamini wenzao. Nchi yoyote ingefurahi kuwa na watu wa namna hiyo.

Kura ambayo haikutosha

Usidhani kuwa klabu hii ni ya malaika. Mwaka uliofuata ilikaribia kuvunjika, na kilichotaka kuivunja ni mwendo.

Wavulana kadhaa wenye miguu mepesi walikuwa wamechoka kungoja. Walitaka klabu igawanywe makundi mawili, la wepesi na la wazito, kila kundi na siku yake na njia yake. Upande wa pili walikuwapo wasichana wengi, wanachama wapya, na kijana mmoja ambaye mguu wake wa kushoto ulivunjika utotoni ukaunga vibaya. Hakulalamika hata siku moja. Lakini kila mtu alijua kundi la wazito lilikuwa na maana gani: wangeondoka wachache, wangepungua wiki baada ya wiki, kisha kundi lenyewe lingekufa pasipo mazishi.

Mkutano ulikuwa mkali. Waliokuwapo ni thelathini na sita, na kura zilipohesabiwa, kumi na tisa walitaka kugawanyika, kumi na saba walikataa. Washindi wakaanza kushangilia. Mmoja akatamka methali tuliyoisoma wiki ile ile: "Wengi wape!" Ndipo mtunza kumbukumbu alipoinua mkono na kuomba katiba ya klabu isomwe. Katiba hiyo ni ukurasa mmoja wenye vifungu vinane, na kifungu cha pili kinasema: "Tunaondoka pamoja, tunafika pamoja." Kubadili kifungu kunahitaji theluthi mbili ya wanachama. Kumi na tisa si theluthi mbili ya thelathini na sita.

Naomba usimame kidogo hapa, kwa kuwa hili ndilo fundo la somo. Methali ile ina hekima yake. Wengi wakinyimwa daima, hatimaye watajitwalia kwa nguvu. Lakini jamii huandika katiba kwa sababu inajua kwamba ipo siku wengi watakuwa na haraka. Siku ambayo hasira haijapanda, watu hukaa wakakubaliana mambo ambayo kura ya siku moja haitayagusa. Klabu ya wanafunzi na taifa zima havitofautiani katika hilo.

Hata hivyo, kushinda kwa kifungu hakukumaliza ugomvi. Wale kumi na tisa walikuwa na haja ya kweli: miili yao ilitaka mwendo. Walioshinda kwa katiba walitambua kwamba wasipoisikiliza haja hiyo watabaki na kifungu kizuri na klabu tupu. Wiki mbili baadaye ukaja ushauri wa kijana mwenye mguu mbovu mwenyewe. Msafara uondoke pamoja, mwenye mwendo wa pole akitangulia na wengine wakimfuata, mpaka mahali paliposhauriwa. Kutoka hapo wepesi wazunguke njia ndefu ya mlimani, wengine wapite ya bondeni, wote wakutane kabla ya mlo, kisha warejee nyumbani pamoja. Kitenge hakitandazwi mpaka wa mwisho afike. Pendekezo lilipita bila kupingwa. Siku hizi wepesi hukimbia kweli kweli, kwa sababu wakichelewa wao ndio wanaolaumiwa kwa njaa ya wenzao.

Maji, mayi, amazi

Tunatumia lugha gani? Swali hili hunifikia mara kwa mara kutoka kwenu wasomaji. Wakongomani huja na Kiswahili cha nyumbani: husema mayi badala ya maji, batoto badala ya watoto, na kila kilicho chema kwao ni muzuri. Hicho ndicho Kiswahili cha mama yangu, nami nakipenda. Warundi na Wanyarwanda husema amazi, Wanyankole husema amaizi, Wasomali husema biyo. Siku moja mlimani chupa ilipita mikononi mwa watu watano na kuitwa majina manne, na kiu ilikuwa ile ile.

Wanafunzi waliamua Kiswahili kiwe lugha ya klabu, wakaongeza kanuni ninayoipenda kuliko zote: hakuna kusahihishana wakati wa kupanda mlima. Mtu anayehema na mwenye mzigo mgongoni aachwe aseme anavyoweza. Masahihisho hufanywa jioni baada ya kula, na mwenye kosa ndiye anayeanza kwa kuuliza. Wewe unayejifunza lugha hii, jaribu kanuni hiyo na wenzako. Utashangaa jinsi ulimi unavyolegea mtu anapojua kwamba hatachekwa mpaka afike kileleni, na huko akifika atacheka pamoja nao.

Lakini Kiswahili kina historia nzito katika nchi hii, na mwenye kukifundisha hana budi kuijua. Kwa muda mrefu Waganda wengi walikisikia kinywani mwa askari. Tulipokwenda Biharwe, karibu na Mbarara, kuuona mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520, tulipita nyumbani kwa mzee mmoja kuomba maji. Masimulizi ya Nkore husema kwamba siku ile jua lilipotiwa giza, mfalme Olimi wa Bunyoro alitaharuki akaziacha ng'ombe alizoziteka. Tulikuwa tukisimuliana kisa hicho kwa Kiswahili kwa sauti kubwa. Mzee alipotusikia, uso wake ulikunjamana, akasimama mlangoni bila kutukaribisha.

Mwenyekiti wetu alisogea, akapiga magoti kidogo, akasema, "Agandi, ssebo." Mzee akajibu, "Ni marungi," na mabega yake yakashuka. Baadaye, tukiwa tumeketi uani tukinywa bushera aliyotupa, alitueleza kuwa alikuwa kijana vita vilipofika Mbarara mwaka 1979. Askari wa Amin waliondoka wakitoa amri kwa Kiswahili, na askari wa Tanzania wakaingia wakiuliza maswali kwa Kiswahili. "Tangu hapo," alisema, na kijana wetu akatutafsiria, "nikiisikia lugha hiyo huwa nahesabu watoto wangu."

Hakuna aliyemjibu upesi. Kisha msichana wa Kikongo, ambaye familia yake nayo iliwakimbia watu wenye bunduki, alimwambia kwa Kiswahili cha polepole: "Mzee, mimi mama yangu huniimbia nilale kwa lugha hii." Mwenyekiti alitafsiri. Mzee alimtazama kwa muda mrefu, akaomba afundishwe kuitikia salamu. Msichana akamwamkia shikamoo, naye, baada ya kujaribu mara mbili, akasema marahaba.

Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hizo ni hatua kubwa, nami kama mwalimu nazifurahia. Lakini sheria huifikisha lugha mlangoni tu. Kuvuka kizingiti ni kazi ya mtu mwenye adabu, anayeanza kwa kumwamkia mwenyeji kwa lugha ya mwenyeji.

Mto haujui mpaka

Nimalizie na mto Rwizi. Unatoka katika vilima vya Buhweju, unapita katikati ya Mbarara, mji uliotangazwa kuwa jiji mwezi Julai 2020, na kuipa maji. Kisha unashuka mashariki kuingia katika mfumo wa maziwa na vinamasi vya Mburo na Nakivale, uliowekwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Wanafunzi wetu walipotembea kando yake mjini waliona kingo zilizochimbwa mchanga, chupa za plastiki, na mafunjo yaliyokatwa. Mvuvi mmoja kijana kutoka Nakivale, ambaye ni mwanachama, alisema, "Kumbe uchafu wao ndio unaokuja kwetu." Mwenzake wa Mbarara akamjibu, "Na miti mnayoikata vilimani kwa kuni, je?" Walibishana hadi kituo cha magari. Ubishi ule ulizaa shughuli yao ya sasa: kila mwezi wa mvua hupanda miche, muhula mmoja upande wa wenyeji, muhula mwingine upande wa makazi.

Sasa ni zamu yako, msomaji. Huhitaji viatu maalumu wala mlima mrefu. Tafuta wenzako watano, mkiwezekana msitoke mtaa mmoja. Andikeni kanuni zenu kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja, mkiwa bado mnapendana. Chagueni kilima ambacho hakuna hata mmoja wenu aliyeuona upande wake wa pili. Kisha nijibu maswali haya katika daftari lako:

1. Tunga sentensi mbili zinazoonyesha tofauti ya kutembea na kutembelea.
2. Ni uamuzi gani ambao klabu yenu haipaswi kuubadili kwa kura ya siku moja? Toa sababu.
3. Je, wale kumi na wanne walipaswa kushuka kwenye basi? Tetea jibu lako bila kutumia neno "huruma."

Swali la tatu liwe la mwisho, na ulijibu ukiwa umekwisha kutembea.